Kadi ya Shilingi 30,000 na Mtu Aliyekaa Dirishani

Toa kadi yako ya NHIF uitazame. Kila mwaka wa masomo tunailipia shilingi 50,400. Wengine wanalipa kwa mbinde, wengine wanasubiri bumu litoke, na tukishalipa tunalalamika kwamba foleni ni ndefu na ukiumwa chochote unapewa panadoli. Haya, sasa chukua kalamu. Kwetu Lushoto, kama ilivyo katika wilaya nyingi za nchi hii, familia ya mkulima iliyojiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, hii CHF iliyoboreshwa, imelipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Na hiyo ni ya kaya nzima, watu hadi sita. Gawa kwa sita unapata 5,000 kwa kichwa, na kwa hiyo 5,000 mtu ameahidiwa matibabu ya mwaka mzima kuanzia zahanati ya kijiji mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani kadi yako wewe mmoja ina thamani ya watoto kumi wa Mtae, na bado unaona haitoshi.

Sijaandika haya ili uone aibu. Ninachotaka ni umwone mtu mmoja ambaye kwenye mijadala yetu ya bima huwa hatajwi. Tukikaa kwenye vimbweta jioni tunabishana kuhusu serikali na mwananchi: serikali imefanya hivi, mwananchi anataka vile. Katikati yao kuna dirisha la zahanati, na nyuma ya dirisha hilo amekaa tabibu au muuguzi ambaye hakupanga kiwango cha mchango, hakuchapisha kadi, wala hashiki mfuko, lakini ndiye anayemwambia mwanachama kwamba dawa hakuna. Msimamo wangu ni huu: bima ya afya ya watu wa kipato cha chini kwa sasa inaendeshwa kwa uso wa huyo mtu. Ahadi inatolewa juu, inavunjikia dirishani, na matusi yote yanabaki dirishani.

Nisiongee hewani. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule ya kata upande wa juu wa wilaya, huko ambako ukishapita Lushoto mjini bado una safari. Wanaopafahamu wanajua: unatoka Mombo kwenye joto, unapanda zile kona za Soni, ukifika Lushoto unavaa sweta, na ukiupita msitu wa Magamba kuelekea Lukozi unaongeza koti. Wiki nane, kuanzia Julai. Julai kule ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na darasani ni kikohozi mtindo mmoja. Zahanati ya kijiji ilikuwa jirani na shule, na kwa kuwa mwalimu wa mazoezi ndiye anayetumwa kila mahali, nikawa msindikizaji wa wanafunzi wanaougua. Ndivyo nilivyofahamiana na mganga mfawidhi wa pale na muuguzi wake. Sitaitaja zahanati wala kijiji, maana mengine waliyoniambia yanaweza kuwaletea barua.

Kwa asiyejua, mganga mfawidhi wa zahanati kwa kawaida ni tabibu au tabibu msaidizi, ingawa kijiji kizima kinamwita dokta. Pale walikuwa watatu: yeye, muuguzi na mhudumu wa afya. Hao watatu wanatibu, wanazalisha, wanachanja, wanapima wajawazito, wanajaza vitabu vya MTUHA ambavyo ukivipanga vinajaza meza, wanaagiza dawa Bohari ya Dawa, na tangu mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, wanafanya na uhasibu. Mimi uamuzi ule naupenda. Hela ya zahanati kukaa kwenye akaunti ya zahanati ni jambo la maana kuliko kusubiri huruma ya halmashauri. Lakini tabibu hakusomea uhasibu. Siku moja nilimkuta saa kumi na moja jioni amezungukwa na vocha, akaniuliza, "Mwalimu, wewe hesabu unajua?" Mimi ni wa Kiswahili na Historia. Tulicheka, nikakaa nikamsomea tarakimu, yeye akawa anaandika. Nje kulikuwa na mama amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, anasubiri amalize.

Sasa nikueleze siku niliyoanza kulitazama suala hili kwa macho mengine. Nilimpeleka binti wa kidato cha pili, ana homa na kifua kinambana. Alikuwa na kadi ya CHF ya nyumbani kwao, ameifunga kwenye leso kama hela. Muuguzi akaangalia majina ya kaya kwenye simu, yakaja sita: baba, mama na watoto wanne. Yeye hayumo. Kwao ni watu wanane na kadi inachukua sita. Baba alipokwenda kuandikisha aliwaweka wale wanaougua mara kwa mara. Huyu mzima, anayebeba kuni na kufaulu mitihani, akaachwa. Na katika wale wanne mmoja ni mtoto wa miaka mitatu, ambaye kwa sera ya afya anatakiwa atibiwe bure hata bila kadi. Baba hakukosa akili. Alishawahi kufika na mtoto wa bure akaambiwa dawa hakuna, akaona bora amwingize kwenye kadi, labda huko zitapatikana.

Tabibu hapo alikuwa na njia tatu na zote mbaya. Amwandike kwa jina la dada yake aliyemo kwenye kadi: huo ni udanganyifu, na ukaguzi ukija jibu analo yeye. Amrudishe nyumbani akalete hela: nyumbani ni mwendo wa saa nzima wa mlima, na kifua ndicho hicho. Au amtibu kama mgonjwa wa kulipia ambaye hajalipa. Alichagua ya tatu. Alifungua droo akatoa daftari, lile lile ambalo wenye maduka ya vijijini huandikia wadaiwa wa sukari na sabuni, akaandika jina, dawa na kiasi. Nilichungulia. Ukurasa ulikuwa umejaa majina mpaka chini, mengine yamekatwa kwa mstari, mengi hayajakatwa. Akasema, "Mwalimu, mkaguzi akiliona hili daftari, mimi na kazi basi."

Jamani, bima imeingia kijijini, halafu zahanati inafanya mali kauli.

Ili uelewe daftari lile limetoka wapi, angalia nani wanapanga foleni asubuhi. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993 yaliwekwa makundi ya msamaha, na Sera ya Afya ya 2007 ikaendelea nayo: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee kuanzia miaka 60 wasio na uwezo, wenye maradhi kama kifua kikuu. Ni sera ya kiutu na sitaki iguswe. Ila hawa ndio hasa wanaotumia zahanati. Siku ya kliniki ya mama na mtoto benchi zima ni wao, na hakuna anayeacha shilingi, kwa haki kabisa. Wanaofuata ni wenye CHF, ambao wanaacha saini. Mwishoni kuna wachache wa kulipia, na hao ndio wanaoacha noti. Glovu, spiriti, pamba, sabuni ya kufulia mashuka, mafuta ya jenereta kwa zahanati yenye bahati ya kuwa nayo: siku mgao wa Bohari umepungua na Mshitiri hajaleta, kila mtu pale anaziangalia noti hizo hizo chache.

Kutoka hapo unapata lile lalamiko ambalo hata wewe umelisikia, kwamba mwenye kadi anaambiwa subiri na mwenye hela anaingia. Nililiona kwa macho yangu, si mara moja. Sitalitetea. Mama aliyelipa 30,000 baada ya kuuza karoti ana haki ile ile ya mwenye noti mkononi, na kumkalisha kwenye benchi kwa sababu ya kadi yake ni dhuluma. Nilimwuliza muuguzi, tena nikimwita dada kwa adabu ili asinikasirikie, na hakunikwepa. Alisema mgonjwa wa fedha anamletea glovu za kesho, mgonjwa wa kadi anamletea karatasi asiyojua italipwa lini. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: mama yake mzazi ana CHF, na yeye huwa anamshauri akienda kutibiwa asianze kwa kuonyesha kadi.

Karatasi hiyo inasafiri hivi. Tangu CHF ilipoboreshwa na kuenezwa nchi nzima kuanzia 2018, michango ya wanachama inakusanywa kwenye mfuko wa ngazi ya mkoa, kisha inarudi vituoni kwa kufuata huduma zilizotolewa. Kwenye mchoro ni mtiririko safi. Kwa hawa watu wawili, ilikuwa inarudi imechelewa, pungufu ya walichotarajia, na bila maelezo ya kutosha kwamba hii ni ya miezi ipi na wagonjwa wapi. Tabibu anabaki kupiga ramli: amoksisilini niagize makopo mangapi? Akiagiza kidogo zinaisha Julai yenyewe, wakati wa nimonia za watoto. Akiagiza nyingi na hela isiingie, ana deni Bohari. Pale kijijini kadi ilishapewa jina, wanaiita kadi ya kuandikiwa. Unaandikiwa dawa, unapewa karatasi, unateremka nayo duka la dawa ukanunue.

Na kuna suala la nani anajiunga. Bima yoyote inaishi kwa wazima wengi kuwabeba wagonjwa wachache. CHF ni ya hiari, kwa hiyo mkulima mzima anasema mwaka huu ngoja niweke mbolea, na anayekimbilia kadi ni yule ambaye tayari ana presha au kisukari. Si ujanja wa Wasambaa. Mwaka 2023 NHIF wenyewe walisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi kwa hoja hiyo hiyo, kwamba wazazi wengi walikuwa wanasajili mtoto akishaugua. Matokeo yake dirishani unayaona kwa hesabu za kichwa: nenda duka la dawa lililo karibu na hosteli yako, uliza bei ya dawa za presha za mwezi mmoja, zidisha kwa 12, halafu linganisha na ile 5,000.

Tena dawa nyingine za maradhi hayo haziruhusiwi kukaa ngazi ya zahanati. Tabibu anaandika rufaa. Rufaa ni karatasi ya bure, ila nauli ya bodaboda kutoka kilimani mpaka hospitali ya wilaya haimo kwenye kadi. Bibi mmoja jirani yetu nyumbani ana rufaa mbili za namna hiyo, amezihifadhi ndani ya Msahafu, hajateremka hata mara moja. Mwenye kumlaumu bibi alaumu. Mimi nilimwuliza tabibu kama anajua kwamba rufaa nyingi anazoandika hazifiki. Alijua. Aliniambia kinachomuuma ni kukutana nao wiki inayofuata njiani wanatoka sokoni, wanamsalimia vizuri, na yeye anajua hawakwenda.

Sasa linganisha na mambo ya Machi 2024. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 mwezi ule, hospitali binafsi kadhaa, zikiwemo kubwa za mijini, zilikataa bei na zikasitisha kupokea kadi za mfuko. Mnakumbuka. Magrupu yote ya WhatsApp yaliwaka, mawaziri wakasimama mbele ya kamera, mazungumzo yakafanyika. Sitaki kuingia nani alikuwa na haki. Ninachotaka uone ni kwamba hospitali ile inaweza kusema bei hailipi, nafunga dirisha. Zahanati ya kijiji haina pa kugomea. Ni mali ya serikali, wahudumu wake ni watumishi wa umma, na wagonjwa wake ni majirani. Bei isipolipa, tabibu anaendelea kufungua saa moja na nusu asubuhi, na pengo analiziba kwa daftari, kwa maneno matamu, kwa kujificha chumba cha dawa, na wakati mwingine kwa ukali. Ule ukali tunaousimulia sana, "wauguzi wana lugha mbaya", mimi nimeuona unavyotengenezwa. Mtu akisema "hakuna" mara arobaini kwa siku, ile ya arobaini haitoki kwa sauti nzuri. Wapo wenye roho mbaya tu, hilo nalo tusifichane. Ila wengi niliowaona wamechoka kuomba radhi kwa kosa la mtu mwingine.

Sisi wa ualimu hadithi hii tunaijua vizuri, maana ndiyo tunayoendea. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango, na Januari 2016 elimu bila ada ikaanza. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu, haiji shuleni kama fedha. Mzazi alichosikia ni neno moja: bure. Mwalimu mkuu akiitisha kikao kuomba michango ya uji, anaitwa mwizi mbele ya wanafunzi wake. Kwenye darasa la uongozi wa elimu tumeandika insha ngapi kuhusu hilo? Tumemtetea mwalimu mkuu kwa kurasa na kurasa. Halafu tukienda likizo tukakosa dawa zahanati, tunamgeukia tabibu kwa maneno yale yale ambayo hatutaki mzazi amwambie mwalimu.

Kuna watakaosema dawa ni kupandisha mchango. Muswada wa bima kwa wote ulipojadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa hesabu ya daktari na ya mwanauchumi, pengine namba hiyo ipo karibu na gharama halisi kuliko 30,000. Lakini mwenye kuisema aje Lukozi siku ya gulio. Mkulima wa kwetu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana kabeji, karoti na viazi ambavyo bei yake inapangwa na mwenye lori la Dar es Salaam. Msimu ukiwa mzuri anaezeka nyumba. Msimu ukiwa mbaya kabeji inaozea shambani kwa sababu gharama ya kuitoa ni kubwa kuliko atakachopewa. Mtu wa namna hiyo unaweza kumdai 30,000 ikawa kazi, 340,000 ni kumwambia asijiunge. Na wapo wa chini yake zaidi, vibarua wa kubeba magunia, wajane wanaolima vipande vya kukodi, ambao hata hiyo 30,000 kwa mkupuo ni ndoto. Tabibu anawajua kwa majina. Ukitaka orodha ya maskini wa kijiji usianzie ofisini, anzia kwenye lile daftari.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na ndani yake kuna mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Katika vyanzo vilivyotajwa vya kuutunisha kuna ushuru wa vinywaji baridi, vileo na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo ndugu yangu wa chumba namba fulani ambaye kila wikendi mkeka unachanika, jipe moyo, huenda unamtibu mtu Mtae. Utani pembeni, hiki kifungu ndicho ninachokiamini zaidi katika sheria nzima, kwa sababu kinakubali kwamba maskini sana hatalipa, na kwamba lazima alipiwe. Kenya nao walipoiacha NHIF yao na kuanza SHA Oktoba 2024, huduma za ngazi ya chini kabisa waliziwekea mfuko wake wa fedha za serikali, mbali na michango ya bima. Utekelezaji wao una kelele nyingi, lakini wazo nalikubali: zahanati isitegemee nani ana kadi na nani hana.

Hofu yangu ni kwamba tutabadilisha kadi na kuacha dirisha lilivyo. CHF haikuanza jana. Ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ikatungiwa sheria 2001, ikaboreshwa 2018. Kila hatua kadi ilibadilika sura. Kilichobaki vile vile ni kwamba mgonjwa anafika kabla ya fedha yake. Bima mpya itakayotaka kunishawishi ifanye kinyume: mwanzoni mwa robo ya mwaka zahanati iwe tayari na fedha kulingana na idadi ya watu inaowahudumia, wenye msamaha wakiwemo, kisha hesabu zifanyike baadaye. Tabibu aagize dawa akijua ana nini benki. Huyo wa kidato cha pili aliyeachwa kwenye kadi ahesabiwe kwa sababu anaishi pale, basi.

Na kuna kitu kidogo ambacho hakihitaji Bunge. Shuleni nilikofanyia mazoezi, nje ya ofisi ya mkuu wa shule kulikuwa na ubao, na juu yake karatasi ya fedha za serikali zilizoingia: mwezi, kiasi, zilivyotumika. Wazazi walikuwa wanasimama kuisoma, wengine wanamsomea mwenzao asiyeona vizuri. Pale zahanati ukutani kulikuwa na tangazo kubwa la kwamba huduma kwa makundi fulani ni bure, na jingine la kuhamasisha watu wajiunge na CHF. La kuonyesha CHF imeleta shilingi ngapi halikuwepo. Nilimwuliza tabibu kwa nini asibandike. Alikaa kimya kidogo, akasema angependa, ila anaogopa itaonekana anaisema serikali. Kubandika kiasi kilichoingia benki ni kuisema serikali? Tena kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kuchaguliwa na wananchi, na kamati hiyo inaziona fedha hizo. Kamati ikibandika, yule mama wa karoti akifika dirishani akaambiwa dawa hakuna, atageuka asome ukutani kwamba robo iliyopita kijiji chake kilichangia kiasi hiki na kikarudishiwa kiasi hiki. Swali lake litaondoka dirishani liende linakostahili kwenda. Kama fedha zilikuja na dawa hazikununuliwa, hilo nalo litasomeka pale pale, na tabibu ajibu.

Wengi wetu tunafunga chuo mwezi ujao. Wa Tanga, wa Kigoma, wa Mtwara, kila mtu kwao kuna zahanati, na kila zahanati ina mwenyekiti wa kamati ambaye huenda ni baba mdogo wako au mjumbe unayemfahamu. Mwamkie, kaa naye, muulize mambo matatu: zahanati inahudumia watu wangapi, robo iliyopita CHF ilileta shilingi ngapi, na je, kiasi hicho kimebandikwa mahali. Usiende na kamera, usiende kwa shari, na jina la tabibu usiliandike. Majibu yaache kwenye bahasha ofisi ya jarida, chumba cha serikali ya wanafunzi, wiki ya kwanza ya muhula. Zahanati ya kwetu nitaanza nayo mimi.